Meza ya Karani: Kazi ya Kweli Haiuzwi



Leo nataka kusema nanyi wazazi mlio vijijini, hasa ninyi wenye vijana waliomaliza shule au chuo, nao sasa wamekaa nyumbani wakiitazama simu tangu asubuhi hata jioni. Tena nataka kusema na vijana wenyewe. Neno langu ni moja: kazi ya kweli haiuzwi. Mtu akikudai fedha ndipo akupe kazi, ujue kwamba kazi hana. Anachotaka ni fedha yako. Lakini haifai kumwambia mtu "usipite huku" bila kumwonyesha njia ya kupita. Kwa hiyo nitaeleza pia mahali pa kutafutia kazi pasipo na udanganyifu, na vitu ambavyo yampasa mtafuta kazi kuwa navyo kabla hajapanda basi.

KIJANA WA JUMATATU

Parokia yetu ipo hapa Dar es Salaam, mwendo wa miguu tu kutoka Kariakoo. Mezani pangu huja watu wa kila namna: wenye kutaka vyeti vya ubatizo, wenye kuandikisha ndoa, wenye kuleta nia za misa. Jumatatu moja asubuhi, kabla sijafungua madirisha, nilimkuta kijana ameketi ngazini na begi lake. Alikuwa ameshuka basi alfajiri ile huko Mbezi, kwenye Kituo cha Magufuli, akaja kwa mwendokasi hadi Gerezani, akauliza lilipo kanisa.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba. Karibu. Umetoka wapi?"

Akanitajia kijiji chake, kisha akanipa barua. Barua ilikuwa safi, ina muhuri. Ilisema kwamba amepata kazi ya kutunza ghala katika kampuni fulani, mshahara Shs. 650,000/- kwa mwezi, aripoti ghorofa ya tatu katika jengo moja la Kariakoo. Baba yake alikuwa amekwisha kutuma Shs. 180,000/- kwa simu: nyingine za fomu, nyingine za kupimwa afya, nyingine za sare. Fedha hizo zilitokana na ng'ombe aliyeuzwa.

Nilifunga ofisi, tukaenda wote wawili. Jengo tuliliona. Ghorofa ya tatu tulikuta duka la mabegi ya shule. Mwenye duka alipoisoma barua akataka kucheka, halafu akautazama uso wa kijana, akaacha. Akasema, "Huyu ni wa nne mwezi huu." Tulipoipiga ile namba ya simu, haikupatikana. Tukashuka ngazi kimya. Chini, katikati ya mikokoteni na maguta na kelele za watu, kijana akaniuliza neno moja: "Nitamwambia nini baba?"

Sikuwa na jibu upesi, kwa sababu swali hilo nami nimeishi nalo miaka mingi. Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 2015. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza, nayo Serikali huwapangia vituo. Sisi tulingoja majina, hayakutoka. Mwaka 2016 Serikali ikasimamisha ajira mpya kwa muda ili ihakiki watumishi wake. Mama yangu akauza mtamba, akanipa Shs. 150,000/-, nikaja mjini. Hapa nikakutana na bwana mmoja mwenye meza, kompyuta na maneno matamu, akaniambia ana nafasi ya mwalimu katika shule ya binafsi. Nikampa fedha zote. Nilipokwenda kesho yake, hata meza haikuwapo. Mama hajaniuliza fedha zile zilikwenda wapi, wala mimi sijamwambia. Gazeti hili hulisoma kila juma. Basi leo atajua.

WATU NI WENGI, NAFASI NI CHACHE

Msiseme kwamba walioibiwa hivi ni wajinga. Shida ndiyo inayofumba macho. Mwezi Juni mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji wa kazi kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa waitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nafasi zilikuwa 70, na waliofika walizidi elfu kumi, wakaketi penye viti vya watazamaji wa mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, ilitangaza nafasi 1,596, maombi yakazidi 135,000. Pigeni hesabu wenyewe: kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya themanini. Mtu aliyekosa mara tatu au mara nne, akiambiwa kuna mlango wa nyuma, hasimami kuuliza mlango ule waelekea wapi.

Nao mji huu una desturi ya zamani ya kupokea vijana wa shamba. Hata jina la Kariakoo lina habari yao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipokwisha kuutwaa mji mwaka 1916, mahali hapa palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, walioitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa ndimi zao, likawa Kariakoo. Wapagazi wale walitolewa vijijini, na wengi walikufa kwa maradhi na uchovu mbali na kwao. Leo vijana wetu hawaletwi kwa nguvu, huja wenyewe. Lakini wengi huja vilevile bila kujua waendako.

DALILI ZA TAPELI

Tapeli hana pembe kichwani. Huvaa vizuri, na huenda akakuita "ndugu" au akajidai ni mtu wa kanisa. Hata hivyo ana dalili zake.

Kwanza, hudai fedha mbele: ya fomu, ya usaili, ya kupimwa, ya sare, au "ya chai ya mkubwa". Kuomba kazi ya Serikali hakulipiwi hata senti. Kwa upande wa mawakala binafsi wa ajira, nchini mwetu ni lazima wawe na leseni, nawe una haki ya kuiona. Hata Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Namba 181 wa mwaka 1997, limeweka kanuni kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi. Anayemlipa wakala ni mwajiri anayetaka mtu.

Pili, huleta namba ya simu ya mtu binafsi, na maneno yale yale tuliyoyazoea ya "tuma kwenye namba hii".

Tatu, anwani yake ya mtandaoni si ya kweli. Anwani za Serikali yetu huishia na "go.tz". Ukiletewa picha ya tangazo katika simu, usiiamini kwa kuwa ina nembo ya Taifa, kwani nembo yaweza kunakiliwa na mtu yeyote. Katafute tangazo lile lile kwa mwajiri mwenyewe. Kama halipo huko, hapana kazi.

Nne, hukupa kazi bila kukuuliza unajua nini.

Tano, hukuharakisha: mwisho leo, mwisho saa kumi, nafasi imebaki moja. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Tapeli anajua kwamba ukilala usiku mmoja na kumwuliza mtu mwenye akili, umekwisha kumponyoka.

Ujumbe wa kitapeli ukiingia katika simu yako, upeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na ofisa akidai hongo, pigeni 113, ndiyo namba ya TAKUKURU, nayo haitozwi. Tena wazazi mkumbuke neno hili: anayetoa hongo ana hatia kama anayepokea. Hata ikiwa kazi ile ni ya kweli, ukiinunua umeiiba kwa mtoto wa mwenzako aliyestahili.

VITU VYA KUANDAA NYUMBANI

Sasa tuje kwenye njia. Kazi kubwa ya kutafuta kazi hufanyika kijijini, kabla ya safari, na haina gharama kubwa.

Anza na majina yako. Jambo hili naliona kila siku mezani pangu. Cheti cha ubatizo chasema Yohana, cheti cha shule chasema John, na kitambulisho cha Taifa chataja jina la babu ambalo shule haikulijua. Siku ya usaili huyo huonekana kuwa watu watatu, hata arudishwe nyumbani. Majina yakipishana, nenda kwa wakili mapema akuandikie hati ya kiapo, nawe uulize ofisi zinazohusika namna ya kuyasahihisha.

Pata cheti cha kuzaliwa. Cheti cha ubatizo si badala yake, ila husaidia kuwa ushahidi unapoomba cheti hicho. Aliyetimiza miaka 18 ajiandikishe NIDA apate namba yake, maana bila namba hiyo milango mingi imefungwa.

Vyeti vya shule na chuo viwe vyenyewe. Matangazo ya Serikali husema wazi kwamba hati ya matokeo haipokewi mahali pa cheti. Nakala zithibitishwe na wakili. Andika na wasifu wako, kurasa mbili zatosha, useme umesoma wapi, umefanya kazi gani, na majina ya wadhamini watatu wanaokufahamu kweli, pamoja na simu zao. Mdhamini aombwe kwanza. Si vizuri mtu apigiwe simu asijue habari yako. Mwisho, chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji, na nyingine kwa padre paroko.

Kisha kuna jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Usighushi cheti. Mwezi Aprili mwaka 2017 Rais Magufuli alipokea huko Dodoma taarifa ya watumishi wa Serikali 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Baadhi yao walikuwa wamekula mshahara miaka mingi, wana watoto na nyumba, na kwa siku moja wakaona aibu na njaa pamoja. Njia ya mwongo ni fupi.

MAHALI PA KWELI PA KUULIZA

Nafasi nyingi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2007. Makao yake yapo Dodoma. Maombi hupelekwa kwa mtandao, katika kile kiitwacho Ajira Portal, nawe waweza kuyapeleka kwa simu yako au katika steshenari ya mji wa wilaya yenu. Usaili wa walimu uliofanyika mapema mwaka 2025 ulifanyiwa mikoani. Kwa hiyo, kijana mwenye kutafuta kazi ya Serikali hana haja ya kuja Dar es Salaam kuizunguka. Anayekuambia uje mjini ili "ukaribie ofisi" anakupotezea nauli. Unapofungua akaunti katika Portal, liandike mahali nenosiri lako, usimwachie mtu wa steshenari, na uingie mara kwa mara kuangalia kama umeitwa.

Kuna pia huduma za ajira za Serikali zijulikanazo kwa jina la TaESA. Hawa huandikisha watafuta kazi, huwaunganisha na waajiri, huwafundisha kuandika barua na kujibu usaili, na husimamia nafasi za mafunzo kazini kwa waliohitimu vyuo. Watu wengi hawaijui huduma hii, nao wanamjua dalali wa kichochoroni!

Kwa aliyekwisha fika mjini, namwonyesha Maktaba Kuu ya Taifa, katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Kutoka Kariakoo unapita Mnazi Mmoja, unafika kwa miguu. Hapo pana magazeti yenye matangazo, pana meza na utulivu wa kuandika barua. Mimi mwenyewe baada ya kuibiwa nilikaa humo siku nyingi, na angalau sikukaa kijiweni.

Tena tusisahau ufundi. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo mikoani, na hapa Dar es Salaam kipo Chang'ombe. Masalesiani wa Don Bosco nao wana vyuo vya ufundi, kama kile cha Dodoma na kile cha Iringa. Na kijana aliyejifunza ufundi kwa fundi wa mtaani, awe mwashi, seremala au fundi wa magari, asidhani kwamba hana elimu. Upo utaratibu wa kumpima ujuzi wake na kumpa cheti cha VETA bila kuanza darasa la kwanza. Na aulize katika chuo kilicho karibu naye.

Wazazi, linganisheni. Ng'ombe mmoja aliyelipwa kwa tapeli amekwisha. Ng'ombe yule yule akilipa ada ya ufundi, au nauli na chakula cha miezi miwili ya kwanza mjini, huenda akazaa.

KUOMBA KAZI KARIAKOO

Wapo watakaokuja tu, siwazuii. Kariakoo pana riziki: maduka, maghala, mafundi cherehani, mama lishe, wachukuzi, na mawinga wenye kuwaongoza wanunuzi dukani kwa malipo kidogo. Kazi hizi hazitangazwi gazetini. Hupatikana kwa mtu kumjua mtu. Nawaeleza nilivyojifunza.

Wiki tatu nilitembea Mtaa wa Kongo, Msimbazi, Aggrey na Narung'ombe, nikiuliza kila duka, "Mna kazi?" Jibu lilikuwa moja: "Hakuna." Jumamosi moja nikahudhuria sala ya jumuiya ndogo ndogo kule nilikopanga. Baada ya sala mzee mmoja akaniuliza habari zangu, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, usiwaulize kama wana kazi. Waambie unaweza kuwafanyia nini." Akanipeleka kwa mama mmoja mwenye duka la vitenge aliyemfahamu. Nikamwambia yule mama, "Mimi ni mwalimu, najua kuandika daftari la hesabu. Niruhusu nikuhesabie mzigo wa stoo siku moja, nawe uone." Siku ile tukagundua kwamba vitenge vilivyotoka stoo havikulingana na vilivyofika dukani. Jumatatu nikaanza kazi, Shs. 5,000/- kwa siku. Si mshahara mkubwa, lakini nilikula, nikalipa chumba, na nikapata mtu wa kunishuhudia. Miaka baadaye parokia ilipotafuta karani, yule mama ndiye aliyesema, "Huyu hajawahi kunipotezea hata kitenge kimoja."

Ndiyo sababu nasema, msaada mkubwa wa mtafuta kazi mjini ni mtu wa kumdhamini. Mwenye duka akabidhi fedha na funguo kwa mtu asiyemjua? Hawezi. Atauliza, huyu ni wa nani, anakaa wapi, nani anamjua? Kijana mwenye barua ya paroko na barua ya mtendaji, aliyejiandikisha katika jumuiya wiki ile ile aliyofika, ana jibu. Mzazi, kabla mwanao hajaondoka, mwambie paroko wenu apige simu au aandike barua kwenye parokia ya huku. Hatuwezi kumpa kila mtu kazi. Lakini kumwambia kijana mtaa upi ni salama, na kumsomea barua yake kabla hajatoa fedha, hilo twaweza.

WASICHANA WETU

Kwa mabinti nawaomba muwe waangalifu mara mbili. Huja mama aliyevaa vizuri kijijini, aseme anatafuta msichana wa kazi za nyumbani Dar es Salaam, au wa kupeleka Uarabuni. Msimpe mtoto kwa sababu ya khanga mbili na mfuko wa sukari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na sheria ya mwaka 2008 yakataza biashara ya kusafirisha watu. Binti mkubwa akienda, pajulikane nyumba, mtaa, jina na simu ya mwajiri, na mshahara utamkwe mbele ya mashahidi. Awe na simu yake mwenyewe au namba ya parokia kichwani. Wafanyakazi wa nyumbani wana chama chao pia, kiitwacho CHODAWU. Mtoto akiteswa, namba ya kupiga bure ni 116.

Tena kuna waajiri wanaotaka mwili wa msichana kuwa hongo. Hilo ni kosa la jinai katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mama, mwambie binti yako kabla hajaondoka: kazi ya namna hiyo aikimbie, arudi nyumbani hata mikono mitupu, naye hatagombezwa. Maneno hayo ayasikie kinywani mwako. Wengi hunyamaza mjini kwa kuogopa maneno ya nyumbani.

UKIISHA KUPATA

Kazi ikipatikana, usiseme tu "asante bosi" ukaanza. Sheria ile ya 2004 humtaka mwajiri akupe kwa maandishi habari za kazi yako: cheo, mahali, saa na malipo. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma; ukizidisha, ulipwe nyongeza. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, na malipo yake. Uliza kama unachangiwa NSSF. Ukifukuzwa bila haki, nenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 30 hazijapita. Wengi huenda baada ya miezi mitatu, wakaambiwa wamechelewa.

Nawe kijana uwe mtu wa haki. Fika kwa wakati, usiguse kisicho chako, usidharau kazi ndogo. Kanisa halikuanza jana kusema juu ya heshima ya mfanyakazi. Papa Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum mwaka 1891, na Papa Pius XII mwaka 1955 akaweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei. Papa Leo XIV, alipochaguliwa mwaka 2025, alieleza kwamba barua ile ya 1891 ni sababu kubwa ya kulichagua jina hilo.

SOKONI SAA KUMI NA MOJA

Mwakumbuka mfano wa Bwana Yesu wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja ya jioni, saa zile zile tunazozihesabu sisi Waswahili. Kila alipotoka alikuta watu wamesimama sokoni. Alipowauliza wale wa mwisho mbona wamesimama kutwa bila kazi, walisema hapakuwa na mtu aliyewaajiri. Hakuwaita wavivu. Wala hakuwadai kitu ndipo waingie shambani. Nikipita Kariakoo jioni, nikiona vijana waliokaa juu ya mikokoteni mitupu, nawaona watu wale.

Mtataka kujua habari za kijana wa Jumatatu. Tulipotoka kwenye duka la mabegi tulirudi ofisini, nikampa chai. Nikamwambia, "Baba yako mwambie kweli, leo hii, kabla hajamsimulia jirani kwamba mwanawe amepata kazi." Alipiga simu mbele yangu, mkono ukimtetemeka. Baba yake alinyamaza muda mrefu. Halafu nikasikia sauti yake: "Umekula?" Hilo tu ndilo aliloliuliza. Kijana akalia.

Tulikwenda kutoa taarifa polisi, na fedha hazijarudi. Sasa yuko kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, muumini wa jumuiya yetu, anajifunza, anapewa chakula na nauli, na mwakani anataka kupimwa ujuzi VETA.

Nami, mama, nimesema yangu. Ule mtamba uliibiwa hapa mjini mwaka 2016, nami niliona haya kukuambia. Nisamehe. Nitakuja Pasaka, Mungu akipenda, tuzungumze.

Wasomaji, mkipata barua ya kazi msiyoielewa, msitume fedha. Ipelekeni kwanza kwa paroko, kwa mwalimu, kwa katekista, kwa mtu yeyote mwenye kusoma asiye na haraka. Kuuliza hakulipiwi.

Wenu katika Kristu,
Karani